Haboba Aliyenifundisha Kulala Chini

Wiki ya kwanza niliyohamia New Site, mtaa wa Juba, mwenye nyumba wangu alinifundisha kulala chini. Sisemi usingizi. Alisimama katikati ya ua asubuhi, akachukua mwiko akagonga sufuria tupu kwa nguvu zake zote, kisha akanitazama aone nitafanya nini. Mimi, Mkenya mzima, nimetoka nyumbani na vyeti vyangu kwenye bahasha, nikanyoosha shingo kuangalia kuna nini.

"Wewe nakufa tayari," akasema. "Sufuria inalia, wewe nalala. Tumbo chini, kichwa chini. Hapana uliza, hapana angalia. Nyinyi watu ya Kenya napenda kuangalia sana!"

Tulirudia mara nne. Mara ya nne nilijitupa chini hadi nikachubuka kiwiko, naye akacheka, akasema, "Kalas, sasa wewe iko mtu ya Juba," akanimiminia chai. Tangu siku hiyo nikamwita Haboba, maana ndivyo nyanya anavyoitwa kwa Kiarabu cha Juba, na ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Yeye akaniita binti, ingawa nilikuwa na miaka thelathini na minane na mvi zangu mbili tatu ambazo alizihesabu hadharani.

Ninaandika haya kwa sababu mwanamke huyu, aliyepita kwenye miaka ya risasi kwa kulala chini, alikaribia kufa Jumamosi moja mchana kweupe kwa kulala chini vizuri kabisa. Na mwenye kosa la kwanza nilikuwa mimi.

Kazi yangu Juba ni maji. Kando ya mto, si mbali na Malakia, kuna kituo ambacho malori huja kujaza matangi, na mimi ndiye ninayepima kama dawa imewekwa ya kutosha kabla lori halijaondoka. Dawa yenyewe ni klorini. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi katika nchi mbili, na kama kuna kitu ninachokijua duniani ni hicho. Najua inavyonuka, inavyobabua vidole, na inavyogeuka hewa mbaya ikitibuliwa. Naweza kuwa mjinga katika mambo ya mapenzi na ya kupika asida, lakini klorini usinifundishe.

Nyumba ya Haboba ilikuwa ya zamani kuliko mtaa, ya matofali ya udongo, vyumba vitatu vimepangana. Mwisho kulikuwa na chumba chake, na mlango wake ulitazamana na bafu, hatua mbili tu. Barabara ilikuwa imeinuliwa kwa kifusi mara kadhaa, ua nao ukainuka, kwa hiyo kuingia chumbani kwake uliteremka kidogo. Fundi wa kujenga aliwahi kumwambia ainue sakafu, akakataa. Alipenda kuwa chini. Dirisha lake lililotazama geti alikuwa ameliziba nusu kwa matofali yaliyoshikwa na tope, na juu akaacha uwazi wa kupitisha hewa. Kitanda chake kilikuwa na magodoro mawili, moja juu na moja chini ya kitanda. La juu lilikuwa la wageni kulitazama. La chini lilikuwa na mto, blanketi, chupa ya maji, biskuti na viatu vya kutembelea.

Nilimuuliza siku moja kwa nini asiishi kama watu wengine sasa kwa kuwa kumetulia. Akasema, "Mimi iko naishi. Wewe hapana ona?" Kwa kweli alikuwa anaishi kuliko mimi. Alikuwa na kuku, alikuwa na mboga, alikuwa na wageni kila Jumapili baada ya kanisa, na mimi niliyekuja kwa mkataba wa mwaka mmoja nikajikuta mwaka wa tatu bado niko pale, nimeridhika, nanenepa. Chumba cha katikati alikaa fundi wa cherehani kutoka Uganda, mwanamke mwenye sauti ndogo ambaye alishona sare za shule barazani na kuzipeleka soko la Custom. Sisi watatu tulikuwa nyumba moja.

Kisha mvua za mwaka ule zikaleta kipindupindu mjini, nami nikawa kero. Niliweka ndoo ya bomba getini. Nilikataza maji yasiyochemshwa. Nilikataza hata salamu, na Juba salamu si jambo la kuchezea: mtu anakugusa bega kwanza, ndipo mnashikana mikono, na mkono hauachiliwi mpaka muulizane habari za watoto, za nyumba na za ng'ombe ambao labda hamna. Nilisalimia watu kwa kiwiko. Haboba aliona aibu hadi akawaambia wageni kwamba mkono wangu unauma.

"Mimi nanawa mkono tangu mama yako hapana zaliwa," alinikemea.

Lakini jirani wa nyumba ya pili aliugua, akabebwa akiwa amelegea kabisa, na aliporudi mzima siku chache baadaye alikuja kutueleza jinsi alivyonyweshwa maji ya chumvi na sukari, kikombe baada ya kikombe. Haboba alimsikiliza mpaka mwisho. Kesho yake alikuwa ameketi getini kwenye kiti chake, karibu na ndoo, na hakuna aliyepita bila kunawa. Mchungaji alinawishwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakusugua katikati ya vidole. Nilicheka hadi sina mbavu. Nikafurahi pia, tena sana, maana hakuna raha kama kumwona mtu uliyeshindana naye miezi miwili akikushinda kwa jambo lako mwenyewe.

Kosa langu nililifanya katika furaha hiyo. Niliomba ruhusa kazini, nikaleta nyumbani unga kidogo wa klorini wa kusafishia ndoo na choo. Niliutia kwenye kopo la maziwa lililokwisha. Sikuandika kitu juu yake. Kazini ningemfokea mtu kwa hilo mpaka jioni. Nilimweleza Haboba kipimo, nikamweleza kwamba unaua kipindupindu, nikamwonyesha pa kuuweka, bafuni, juu ya rafu. Sikumwambia usichanganywe na kitu kingine, kwa sababu sikuwaza kwamba angekuwa na kitu kingine.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, kila nyumba ya Juba hufagiliwa na kusuguliwa kana kwamba Yesu mwenyewe atakuja kukagua chini ya vitanda. Haboba alikuwa amenunua Custom chupa ya asidi ya kung'arishia sakafu, iliyofungwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Alipanga kushambulia bafu. Aliponieleza baadaye mawazo yake, hayakuwa ya kijinga hata kidogo.

"Dawa yako iko kali," alisema. "Na ile ya Custom iko kali. Mimi naweka pamoja, kolera nakufa mara mbili."

Mimi nilikuwa karibu na geti, nafua mashuka. Upepo wa Desemba ulikuwa unatoka nyuma yangu, unaelekea bafuni. Nilijua hivyo kwa sababu moshi wa jiko la Haboba, ambao siku nyingine hunijia chumbani na kunifanya nigombe, ulikuwa unaelekea upande ule. Nikasikia kikohozi, ndoo ikianguka, Haboba akipiga kelele kwamba macho yake yanaungua. Kisha nikasikia sufuria. Aliigonga mara tatu, maana kwake hatari yoyote ilikuwa na ishara hiyo moja.

Nikalala. Ndiyo, mimi mtaalamu. Tumbo chini, kichwa chini, shuka lililolowa limeshikamana na shavu langu. Na niseme ukweli wote: nikiwa pale chini nilijisifu. Niliwaza, ona jinsi nilivyo mwepesi, leo Haboba hatasema kitu. Fundi naye alikuwa chini ya meza ya cherehani. Haboba alikuwa ameshaingia chumbani mwake na kujisukuma chini ya kitanda. Ua mzima ulikuwa kimya, kila mtu mahali pake, vizuri kabisa.

Ndipo ile harufu ikanifikia, kidogo tu. Ilikuwa harufu ya kazini kwangu, lakini chafu, kali, ya kukwangua koo. Niliinua macho, na nje ya mlango wa bafu nikaona moshi wenye rangi ya njano iliyochanganyika na kijani. Haukupanda kama moshi wa jiko. Ulikuwa unatambaa. Hewa ile ni nzito, hutafuta mahali pa chini, na karibu na bafu kulikuwa na mahali pamoja tu pa chini, chumba cha Haboba, kile kinachoteremka, na yeye yuko ndani amelalia godoro la chini ya kitanda, uso sakafuni.

Sijawahi kuogopa hivyo. Nilisimama.

"Fundi, toka! Si risasi, ni hewa ya sumu! Pita getini, nenda kule upepo unakotoka!"

Fundi alitoka bila kuuliza, nguo ya mtu mabegani, akapita getini. Nilichukua leso yangu, nikailoweka, nikaifunga puani, nikaenda mpaka upande wa mlango wa Haboba na nikarudi. Kuingia kupitia mlango ule kungekuwa kuongeza maiti wa pili. Hilo nimewafundisha watu wengi: usimfuate mtu ndani ya moshi. Ni rahisi kulisema mbele ya ubao. Nilizunguka nyumba hadi kwenye dirisha la upande wa geti, ambako hewa ilikuwa safi, nikapanda juu ya tofali, nikapeleka uso kwenye ule uwazi wa juu.

"Haboba! Amka! Toka chini ya kitanda!"

Nilimsikia akikohoa. Kisha sauti yake, ya hasira: "Lala! Wewe lala!"

"Haboba, hakuna bunduki! Ni dawa yangu! Iko chini hapo, chini ndiyo mbaya! Simama!"

"Lala, binti! Kichwa chini!"

Nilimweleza. Ee Mungu, nilimweleza kila kitu, uzito wa hewa, asidi, klorini, kana kwamba niko kwenye semina. Yeye alikohoa tu na kuniambia nilale. Nilianza kulia. Nilikuwa nimemwambia mwanamke huyu mambo mia moja juu ya dawa ile, na sasa jambo moja la mwisho halikuingia, kwa sababu mwili wake ulikuwa umejua jambo jingine kwa miaka mingi kabla yangu. Nikashika matofali kwa mikono miwili na kujiinua zaidi, kichwa na mabega vikaingia dirishani, nikaita jina lake kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi.

Ndipo kitanda kikasogea. Haboba alitoka chini yake kwa magoti, akajishika kwenye ukuta, akasimama. Hakuelekea mlangoni. Alikuja moja kwa moja dirishani, macho yamefumba nusu, yanatoka machozi, akanyoosha mkono akaniwekea kiganja kichwani, akanisukuma kwa nguvu nirudi chini.

Nilimshika kifundo cha mkono. Uso wake sasa ulikuwa kwenye uwazi wa dirisha, kwenye upepo. Alivuta hewa, akakohoa, akavuta tena. Nilihisi mwili wake ukishangaa kwamba huku juu kuna hewa.

"Sukuma matofali," nikamwambia. "Haboba, sukuma. Tope tu hilo."

Akasukuma. Alisukuma kwa ndani, mimi nikavuta kwa nje, na tofali la tatu likaniangukia kidole gumba cha mguu, ambacho mpaka leo hakina ukucha wa maana. Kumtoa mwanamke wa umri wake na unene wake kwenye dirisha si kazi ya heshima. Gauni lilikwama, nikavuta lisipotakiwa kuvutwa, tukaanguka wote juu ya mashuka yangu. Fundi alikuwa amerudi getini, nikamfokea arudi nyuma, kisha nikaona simwezi Haboba peke yangu, nikamwita tena. Tukamshika huku na huku, tukamvusha barabara hadi kwenye kibanda cha vocha upande wa pili, mahali pa juu, upepo ukitupiga usoni.

Tulimvua gauni lile lililonuka, mwenye kibanda akageuka nyuma kwa adabu, tukamfunga kitenge kipya alichotupatia. Nilimmiminia maji safi machoni, mtungi mzima na mwingine tena, polepole, yeye akinitukana kwa Kiarabu kwa sababu ya baridi. Niliyasikia matusi yale kwa raha. Mtu anayetukana anapumua. Kisha tukampandisha gari mpaka zahanati, daktari akamsikiliza kifua, akamwekea hewa, akamlaza mpaka siku ya pili. Nyumbani hakuna aliyeingia. Niliporudi, majirani walitaka kwenda kumwaga maji bafuni. Nikasimama barabarani nikapanua mikono, nikawaambia atakayepita atapita juu yangu. Upepo ukafanya kazi yake, mpaka harufu ikaisha kabisa.

Krismasi tuliila kwa jirani yule aliyeugua. Haboba alikuwa na sauti ya kukwaruza lakini aliimba nyimbo zote. Nilimwomba msamaha mbele ya watu, nikaeleza habari ya kopo lisiloandikwa. Akala nyama yake, kisha akasema, "Mafi shida, hapana shida. Lakini andika." Sasa pale nyumbani kila kitu kimeandikwa, mpaka chumvi.

Jambo lililonibakia lilikuwa hili: nilidhani nilimshawishi. Nilijivunia moyoni kwamba hatimaye alinisikia, kwamba katika yale maneno yote kuhusu hewa nzito, moja lilipenya. Kazini niliwasimulia wenzangu hivyo, na nilitia chumvi kidogo.

Miezi ilipita. Jioni moja tulikuwa tunamenya karanga barazani, nikamuuliza tu, kwa kujitafutia sifa, ni neno gani lililomfanya asimame.

"Neno hapana," akasema. "Mimi hapana sikia neno yako. Sikio yangu iko nalia."

"Sasa kwa nini ulisimama?"

Alimenya karanga nyingine. Akanielekeza kwa kidevu lile dirisha, ambalo nusu yake alikuwa ameijenga upya.

"Binti yangu, ya kwanza," akasema. "Kama wewe, napenda kuangalia. Risasi nalia, mimi iko chini ya kitanda, yeye naenda pale, naweka kichwa. Mimi naita, lala, lala. Mimi naita tu. Mimi hapana simama." Akapuliza maganda kutoka kiganjani. "Ile siku mimi nafungua jicho, naona kichwa kwa dirisha. Mimi nasema, leo mimi nasimama."

Nilimshika mkono, ule wa salamu ndefu, na hatukuuachilia mpaka giza likaanza kuingia na kuku wakapanda kulala.

Siku hizi tuna mazoezi ya aina mbili. Sufuria ikilia, tunalala. Jerikeni ikigongwa kwa fimbo, tunafunga nguo yenye maji puani, tunasimama, tunatoka getini kuelekea upepo unakotoka, na hakuna kumfuata mtu ndani. Sheria hizo niliziandika mimi, nikazibandika ukutani. Fundi anazifuata vizuri. Haboba anazifuata zote isipokuwa moja. Jerikeni ikigongwa, hatoki getini kwanza. Anakuja kwenye dirisha langu na leso yake puani, anasimama hapo, na hatoki mpaka aone kichwa changu. Nimemwambia mara nyingi kwamba ni kosa, kwamba hewa haimngojei mtu. Amenijibu kwamba anajua. Kwa hiyo mimi nimejifunza kuwa mwepesi. Nikisikia fimbo ikigusa jerikeni ninaruka kutoka kitandani na kwenda dirishani haraka, nione uso wake, naye aone wangu, ndipo twende.